Ufunguo Kwenye Koki

"Koki nilifunga mimi! Na funguo nikatundika palepale juu yake. Sasa niambie, Hajji, nilisahau nini? Nilisahau kuzaliwa?"

Kaka yangu Baluku si mtu wa kelele. Ukimkanyaga njiani, yeye ndiye anayesema pole. Lakini Jumatatu ile alisimama katikati ya duka la Hajji Muhamood hapa Bwera, mikono imejaa grisi, akalalamika mpaka watu waliokuja kununua misumari wakasahau bei waliyokuwa wakibishania. Mimi nauza maharage ng'ambo ya barabara. Niliacha kopo la kupimia juu ya gunia, nikavuka.

Hajji ndiye mwenye duka, na ndiye mwenye boti. Alikuwa ameshika kidude cheusi kilichochanikachanika, kama mandazi yaliyotafunwa na mbwa.

"Hii ni nini?"

"Ni mpira wa pampu," Baluku akasema. "Yaani ilikuwa."

"Nani ameiua?"

"Aliyewasha injini koki ikiwa imefungwa."

"Davis anasema funguo alikuta kwenye swichi."

"Basi Davis anasema uongo."

Davis alikuwa palepale, ameegemea mifuko ya simenti, na shati lake jeupe la unahodha limenyooka kama karatasi. Davis ameoa mdogo wetu Olivia. Siku alipoleta mahari mbuzi wawili walipungua, na ni Baluku aliyesimama akasema waachwe, kijana ni wetu. Sasa kijana wetu akatazama viatu vyake.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani, "mimi nasema nilichokiona tu. Pengine ulichoka. Mtu anaweza kuchoka."

Kaka yangu akaanza kufuta grisi ya mikono kwenye suruali. Neno hilo la kuchoka lilimpiga kuliko tusi. Ili uelewe kwa nini, lazima nikueleze koki ni nini, maana hata mimi kwa miaka mingi nilidhani boti ni mtumbwi wenye kelele.

Boti ya Hajji inaitwa Wasingya, yaani asante kwa Kikonzo. Inabeba wageni ziwani, chini ya Mweya kwenye hifadhi, wanaokuja kutazama viboko na nyati wakioga. Injini yake haikuning'inizwa mkiani kama za wavuvi. Imekaa ndani, tumboni mwa boti, chini ya kifuniko cha mbao, na ukikifunua unakuta injini ya lori, ya dizeli, imepakwa rangi ya kijani. Lori hupoa kwa upepo wa barabarani. Mle tumboni upepo utoke wapi? Kwa hiyo injini ya boti inakunywa maji ya ziwa. Sakafuni kuna tundu, na tunduni kuna koki kama ya tangi la mvua, ila ni nene, ya shaba. Maji yanapanda kwenye koki, yanapita kwenye chujio, yanafika kwenye pampu yenye kigurudumu cha mpira chenye majani kama ya feni, ndicho kile kilichotafunwa. Kigurudumu kinayasukuma mpaka kwenye injini, na mwisho yanatemwa nyuma pamoja na moshi.

"Boti yangu ina tundu," Baluku alikuwa akiwaambia wageni, "lakini ni tundu lenye mlango."

Wageni walicheka kwa woga. Yeye hakuwa anatania. Mwaka wake wa kwanza kule gatini aliona boti ya watu wengine imezama ikiwa imefungwa kamba yake vizuri tu, bila upepo, bila wimbi. Bomba moja la kupitishia maji lilipasuka usiku, koki ilikuwa wazi, asubuhi wakakuta paa peke yake na ndege wamekaa juu. Tangu siku hiyo kila jioni alifunga koki, na ufunguo wa injini akautundika kwenye mkono wa koki. Sheria ikawa moja. Ufunguo ukiwa kwenye koki, koki imefungwa. Huwezi kuwasha bila ufunguo, na huwezi kuuchukua bila kupiga magoti pale na kuugusa ule mkono wa shaba. Ukishauchukua unafungua koki, ndipo unakwenda kwenye swichi. Hata mlevi, alisema, hawezi kukosea.

Mimi mwenyewe nilimkatia kitambaa cha kufunga kwenye ufunguo huo, ili ukianguka kwenye maji machafu ya chini auone. Kitenge cha manjano chenye jogoo wekundu. Kilichobaki nilijifanyia kilemba.

Kazi hii hakuzaliwa nayo. Sisi ni watu wa Kyarumba, tumekua tukishusha kahawa kwa kichwa kwenye njia ambazo mbuzi mwenyewe hufikiri kwanza. Baba alipofariki, Baluku aliacha shule akaingia kwenye mashine ya kusaga ya mzee mmoja, Aloysius. Mzee yule hakumfundisha kwa maneno. Alimpa kitambaa akamwambia, futa. Akafuta mashine ile mwaka mzima, na kwa kufuta akajua kila bolti inakaa wapi na oili inavuja kutoka wapi. Mto uliposhuka na mawe ukachukua nyumba ya mashine, Aloysius akarudi shambani na Baluku akashuka Bwera. Hajji alikuwa ndiyo kwanza amenunua boti.

"Boti sijui, Hajji. Hata kuogelea sijui."

"Injini unajua?"

"Injini najua."

"Basi kuogelea waachie viboko."

Miaka kumi na moja. Mpaka leo hajui kuogelea. Lakini asubuhi hakuna kilichompita. Alifunua kile kifuniko, akanusa kwanza, maana dizeli ikivuja pua inajua kabla ya macho. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akabonyeza mkanda kwa dole gumba. Akafungua kale kaglasi chini ya kichujio cha dizeli kutoa maji, kwa sababu dizeli ya huku tunajua wenyewe inavyobatizwa. Akafungua chujio la maji ya ziwa, akatoa majani na mavi ya kiboko, konzi nzima, kila siku ya Mungu. Akatazama pale chuma cha kuzungusha panga la kusukuma boti kinapotokea nje, akahesabu matone. Tone moja moja ni afya. Tone likikimbia anakaza kidogo, na likikauka kabisa analegeza, chuma kisiungue. Ndipo anafungua koki, anawasha, na kabla mtu yeyote hajapanda anakwenda nyuma kuinama.

"Anatafuta nini?" wageni huuliza.

"Natazama kama anakojoa," husema. "Boti ambayo haijakojoa haitoki hapa."

Akiona maji yanaruka na moshi, basi, karibuni.

Sasa Jumatatu ile Baluku alipitia kwanza Rukoki, kule upande wa Kasese, kuchukua kichujio cha oili kwa mtu. Alimpigia Davis simu: wageni wa kwanza ni saa tatu, nisubiri. Wageni wakafika saa moja na nusu. Davis hakusubiri. Alipakia watu wanane akaondoka, na katikati ya maji moshi mweupe ukatoka chini ya kile kifuniko, injini ikalia kama nguruwe, ikazima. Wakakaa pale saa nzima, viboko wanawahesabu, mpaka boti nyingine ikawavuta. Mgeni mmoja alilia kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Kichwa cha injini kilikuwa kimepinda, kikapelekwa Kasese kusawazishwa.

Baluku alipofika gatini alikuta watu wameinama juu ya injini. Koki imefungwa, kila mtu aliiona. Ufunguo na jogoo wake uko kwenye swichi, kila mtu aliuona. Basi sheria aliyoitunga mwenyewe ikamfunga mwenyewe: fundi ameacha ufunguo kwenye swichi na koki hakuifungua. Nahodha wa watu alikuta ufunguo mahali pa kuwashia, akawasha. Kosa lake liko wapi?

"Hata kama!" Baluku alisema pale dukani. "Ungegeuka nyuma ukaangalia kama inakojoa!"

"Nilikuwa na wageni, shemeji. Nitainamisha makalio mbele ya wageni?"

Wateja wakacheka. Watu wakishacheka upande mmoja, kesi imekwisha. Hajji akamwambia Baluku aende nyumbani, na alete barua ya kukubali kosa.

Hakutaka kuandika. Jioni Davis mwenyewe akaja, akaketi kwenye stuli yangu, akala bundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake, niliyopika mimi. Nakumbuka aliongeza.

"Andika tu, shemeji. Hasira ya Hajji ni ya wiki moja. Akishaona karatasi atapoa, na mimi nitakusemea."

"Niandike kosa ambalo sikufanya?"

"Ni karatasi. Karatasi inauma? Fikiria watoto."

Mimi nami, Mungu anisamehe, nilisema, "Kaka, andika, yaishe."

Akaandika, kwa mwandiko wake wa darasa la tano, mkubwa, uliosimama wima: Mimi Baluku nilisahau koki. Akatia saini. Davis akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati jeupe.

Hajji hakupoa. Aliibandika kwa gundi kwenye ukuta wa kibanda cha gatini, pale mabaharia wote wanapoandika majina asubuhi, iwe funzo. Katika wiki moja kaka yangu hakuwa tena Baluku. "Koki, habari ya asubuhi?" "Koki, umekula au umesahau?" Alizunguka kuomba kazi kwenye boti zote za huku. Wenye boti walimpa chai, walimuuliza habari za nyumbani, halafu wakasema wana fundi. Nani atamweka tumboni mwa boti mtu aliyeandika kwa mkono wake kwamba alisahau tundu?

Akarudi kwenye mashine ya kusaga, hapahapa Bwera. Mtu wa miaka hamsini na mbili, mweupe kwa unga kama mzimu.

Wiki mbili baadaye Davis akaja tena, safari hii mchana, pale mashineni. Injini imetengenezwa, alisema, wana fundi mpya wa malori kutoka Kasese, lakini mpira wa pampu hakuna. Kampala wanasema wasubiri.

"Najua wewe unao mmoja," akasema.

Kweli alikuwa nao. Aliununua kwa pesa yake, akauweka kwenye kopo la maziwa ya unga, umepakwa poda usigande.

"Usimpe!" mimi nikasema. "Aende akachonge wa mti!"

Baluku alikwenda ndani akarudi na kopo. "Hao watakaopanda hawakunikosea," akasema. Akamwekea Davis mpira mkononi. "Utanirudishia mpya. Sitaki pesa. Mpira."

"Wiki mbili, shemeji. Naapa."

Ikaisha miezi mitatu. Kanisani Davis alikaa benchi la mbele, na Baluku alikaa nyuma karibu na mlango.

Sasa, Ijumaa ni siku ya soko la Mpondwe, na siku hiyo mimi nahamishia maharage yangu kule mpakani. Jirani yangu sokoni ni Madame Chérie, Mkongomani, mwanamke mnene mwenye mdomo kama wangu, ndiyo maana tunapatana. Anauza kufuli na tochi, na anachonga funguo kwa tupa, kwa mkono, amezibana kwenye kijiriwa kidogo juu ya meza. Ijumaa moja ya mwezi wa sita Baluku alikuja kula pale kwangu. Kijana mmoja wa boti akapita akaita, "Koki! Umefunga mlango wa nyumba?"

"Mbona banamwita Koki?" Chérie akauliza. "Jina gani hiyo?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa hasira, kwa hiyo nilieleza vizuri: koki, sheria ya ufunguo, kitambaa, swichi. Chérie alikuwa anapiga tupa huku anasikiliza. Nilipofika kwenye kitambaa tupa ikasimama.

"Ngoja, Mama Resty. Ile kitambaa, iko namna gani?"

"Ya manjano. Ina jogoo."

"Jogoo mwekundu?" Akanyoosha tupa kuelekea kichwani kwangu. "Kama ile yako ya kichwa?"

Nikashika kilemba changu.

"Ile funguo mimi njo nilichonga mwenzake," Chérie akasema. "Kisha Bonane, mwaka mupya, mwezi wa kwanza. Mutu moja wa shati mweupe, anatembea kama pasteri. Nilimwambia, papa, niachie hii kitambaa, iko muzuri. Akakatala. Akasema patron wake, mwenye boti, njo amemutuma."

Baluku alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sahani, taratibu.

"Kwa hiyo ziko mbili," akasema.

Mimi tayari nilikuwa nimesimama, nakusanya sketi, nataka kwenda kumtoa Davis popote alipo. Baluku hakunitazama. Alikuwa anaongea na sahani, jinsi anavyoongeaga na injini anapotafuta inapovuja.

"Akiwa na wa pili hapiti kwenye koki. Anakwenda moja kwa moja kwenye swichi. Siku nyingine nikichelewa anausukuma mkono wa koki kwa kiatu, bila kuinama; siku hiyo wageni wamefika mapema, amesahau. Hakuna kilichomkumbusha. Sawa. Mtu anasahau." Akasogeza sahani. "Lakini funguo yangu waliikuta kwenye swichi."

"Ndiyo," nikasema. "Halafu?"

"Halafu ilifikaje pale? Mimi niliiacha kwenye koki. Kwa hiyo injini ilipozima alichomoa yake, akafunua, akapiga magoti. Akauona mkono wa koki umefungwa, na funguo yangu inaning'inia. Akaichukua, akaiweka kwenye swichi. Na koki akaiacha vilevile, imefungwa, ili watu waione." Akanawa mikono. "Hapo hakusahau, dada. Hapo alikuwa anakumbuka vizuri kabisa."

Nilikuwa nawaza lile bundu aliloongeza jioni ile.

Nilitaka tumwendee Olivia kwanza. Baluku akakataa. Olivia hakuchonga ufunguo, alisema. Tukangoja Jumanne, siku Davis anayochukua dizeli dukani kwa Hajji, na Chérie akaacha meza yake kwa jirani akaja nasi, amejifunga pagne mpya, kitenge cha kwao, kama anakwenda harusini.

Davis alipomwona hakutetemeka hata kidogo. Nitamsifu kwa hilo.

"Huyu mama simjui," akasema.

"Hunijui?" Chérie akapiga mapaja. "Siku ile uliniita mama mupenzi, upunguziwe bei! Leo hunijui?"

"Hajji, watu wa mpakani wanalipwa soda wanasema chochote."

"Soda! Ulinipa hata soda?" Chérie akamgeukia Hajji. "Patron, mimi kila funguo nachonga, kwa kichwa naweka alama tatu kwa tupa. Mutu akirudi kusema imevunjika, najua iko yangu ao hapana. Mwambie atoe bintu ya mufuko."

Hajji akafuta nafasi juu ya kaunta. "Weka funguo zako hapa."

"Hizi ni za nyumbani, Hajji."

"Sijauliza ni za wapi."

Zikawekwa juu ya kaunta. Ya nyumba. Ya pikipiki. Na ya tatu, kichwani mwake mikwaruzo mitatu, imepangika kama chale za mashavuni. Hajji akafungua droo akatoa ule wenye jogoo, ambao siku hizi boti ikipumzika hulala kwake, akaulaza juu ya mwenzake. Meno kwa meno. Wateja wakasogea kuona.

"Kwa nini?" Baluku akauliza. Ndilo neno pekee alilomwambia siku hiyo.

Davis alitazama mlango kwanza. Halafu akajitazama kifuani. "Kila asubuhi ukichelewa, ni mimi wa kuinama mle ndani," akasema, "natoka na grisi mpaka kwenye kola. Wageni wananitazama, mimi ndiye nahodha. Nilichoka kunuka dizeli mbele ya watu."

"Ni kwa ajili ya shati?" nikasema. "Umemuua kaka yangu kwa ajili ya shati? Olivia ndiye anayelifua, na yeye hajalalamika!"

"Sikukusudia ifike huku, dada."

"Barua je? Ulikula kwangu ukamwambia aandike. Hilo nalo lilikuwa grisi?"

Hajji alimpa Chérie ule wa mikwaruzo, naye akaukata vipande viwili kwa msumeno wa chuma palepale dukani, akavipuliza vumbi kama mtu anayepoza uji.

Usidhani Davis alifukuzwa. Hajji alikuna ndevu, akasema nahodha mwenye leseni hapatikani njiani, na mwezi wa wageni ndio huu. Atamkata mshahara. Baluku arudi kazini, yaishe, sisi sote ni watu wazima. Barua atakwenda kuichana mwenyewe siku akipita kule.

"Hapana, Hajji," Baluku akasema. "Barua ilibandikwa mbele ya watu. Itabanduliwa mbele ya watu. Na aliyeniambia niandike ndiye ataibandua. Bila hivyo mimi nabaki na unga wangu."

Hajji aliona huo si mchezo. Akatikisa kichwa akakubali.

Kesho yake nilipanda boda mpaka kule gatini, nimebeba sanduku la spana la kaka yangu mapajani. Maharage yangeuzika siku nyingine. Mabaharia walikuwa wamesimama mbele ya kibanda, wanangoja kuandika majina. Davis alikuja na kisu cha meza. Gundi ya Hajji ni gundi ya kweli, maana anaiuza mwenyewe, na karatasi ile ilikuwa imekaa ukutani tangu mwezi wa tatu. Alikwangua. Ilitoka kwa vipande vidogo vidogo, kwanza "Mimi", halafu nusu ya "nilisahau". Jasho likamtoka. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyecheka. Alipomaliza akageuka.

"Si Baluku aliyesahau koki," akasema. "Ni mimi. Nilikuwa na funguo ya pili. Na yake niliihamisha mimi."

Mzee mmoja wa boti kubwa akatema mate kando. "Baluku," akasema, "habari ya asubuhi?"

"Nzuri," kaka yangu akajibu.

Akapanda Wasingya, akafunua kifuniko. Akanusa. Akachomoa kijiti cha oili, akakitazama, akanionyesha mimi: cheusi kama chai ya jana. Chujio la maji lilikuwa limejaa mavi ya kiboko mpaka kifuniko hakizunguki. Fundi wa malori hakujua kwamba lipo. Akafungua pampu, akautoa ule mpira aliokuwa amemwazima Davis. Ulikuwa umepinda majani yake yote, jani moja limeanza kuchanika.

"Davis," akaita.

Davis akasogea ukingoni.

"Mpira wangu."

Nilidhani atasema Kampala, atasema wiki mbili. Lakini alitia mkono kwenye begi akatoa kaveera, mfuko wa plastiki, na ndani mlikuwa na mpira mpya, bado una harufu ya dukani. Sijui aliupata lini, na sikuuliza. Baluku akaupokea. Aliukunja jani moja moja, akatazama mizizi ya majani kwenye mwanga, akaupima na ule wa zamani. Ulikuwa ndio wenyewe.

Akaurudisha mkononi mwa Davis.

"Ufunge wewe."

"Sasa hivi? Shemeji, wageni ni saa tatu. Ngoja nivue shati."

"Funga."

Davis akanitazama mimi. Mimi nikatazama ndege. Akapiga magoti, akaingia nusu mwili mle tumboni na shati lake. Baluku alimpa sabuni ya maji kwenye kifuniko cha soda, akamwambia aupake mpira, uingie bila kuumia, na majani yote yalale upande mmoja, upande inakozungukia. Mara mbili Davis aliyalaza kinyume. Mara mbili Baluku akasema, "Toa, anza tena," bila kupandisha sauti. Bolti za kifuniko cha pampu ni sita. Alipokaza ya sita kola ilikuwa nyeusi, na kifuani mlikuwa na alama ya mkono mzima.

Akauchukua ufunguo wenye jogoo kwenye mkono wa koki, pale Baluku alipokuwa ameurudisha, akafungua koki. Akaupeleka kwenye swichi, akawasha. Kisha akasimama tu, mikono imening'inia, hadi Baluku alipomwonyesha nyuma kwa kidevu. Akaenda. Akainamisha makalio mbele ya gati zima.

"Anakojoa," akasema.

"Basi mpira umelipwa," Baluku akasema.

Davis akarudi, akasimama karibu naye. Midomo yake ilikuwa inatafuta mahali pa kuanzia.

"Na yale mengine, shemeji?"

Baluku alikuwa ameshachukua ule mpira wa zamani, anaupaka poda, anaurudisha kwenye kopo la maziwa. Alifunga kifuniko cha kopo, akakigonga kwa kiganja. Halafu akamtupia Davis kitambaa.

"Futa mikono," akasema. "Wageni wamefika."